Sura ya Sita: Ngurumo kati ya Ziwa Kivu na Nyungwe

Wilaya ya Rusizi, ambayo wengi bado wanaiita Cyangugu kwa jina lake la zamani, iko kwenye kona ya kusini-magharibi ya Rwanda, pale Ziwa Kivu linapoishia na Mto Rusizi unapoanza safari ya kwenda Tanganyika. Ng'ambo ya mto ni Bukavu, nchi ya Kongo. Ukishuka kusini unafika Bugarama, bonde la mpunga lenye joto jingi, lililo kwenye mita 950 hivi juu ya usawa wa bahari. Rwanda nzima haina mahali pa chini kuliko hapo. Ukigeukia mashariki unapanda kupitia mashamba ya chai ya Shagasha na Gisakura, kisha unaingia msitu wa Nyungwe, ambao kilele chake cha Bigugu kinafika mita 2,950. Katikati ya vyote hivyo kuna ziwa, kwenye mita 1,460, lenye kina cha zaidi ya mita 480. Mtu mwenye gari anaweza kuupitia mpunga, ziwa, chai na msitu wa mvua kabla jua halijatua.

Ardhi iliyopangwa hivyo haiwezi kuwa na anga tulivu. Mtu wa mji wa Kamembe anaweza kuanika nguo jua likiwaka, akaenda sokoni, na kabla hajamaliza kununua akasikia mlima ukinguruma. Wageni husema hali ya hewa ya huku haina adabu. Sura hii inasema kinyume chake. Ngurumo za Rusizi zina mahali pake na saa zake, na sababu zake zinaeleweka. Wanaokufa kwa radi katika milima hii hawafi kwa sababu anga ni fumbo. Wanakufa kwa sababu yale tunayoyajua kuhusu anga hayajafika kwenye paa za shule, kwenye makanisa, kwenye mashamba ya chai na kwenye mitumbwi.

Kiangazi kisichotulia

Wanyarwanda wanaugawa mwaka katika misimu minne. Urugaryi ni ukavu mfupi wa Januari na Februari. Itumba ni masika ya Machi hadi Mei. Impeshyi ni kiangazi kirefu cha Juni, Julai na Agosti. Umuhindo ni vuli, kuanzia Septemba hadi Desemba. Mashariki ya nchi, huko Bugesera na Kayonza, Impeshyi hushika kweli: majani yanakauka, ng'ombe wanafuata maji, na vumbi la barabarani linakaa juu ya migomba wiki baada ya wiki.

Rusizi haipati kiangazi cha namna hiyo. Julai ni mwezi mkavu hata huku, na moshi wa mashamba yanayochomwa Kongo hufunika milima ya ng'ambo mpaka ziwa linaonekana halina mwisho. Lakini Nyungwe haikauki. Mgongo wa msitu huo hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati Kigali hupata takriban 1,000. Hata katikati ya Impeshyi huenda manyunyu yakashuka msituni siku ambayo Kigali haijaona wingu. Agosti ikishavuka nusu, mawingu huanza kurundikana juu ya mgongo huo kila mchana, na mvua za kwanza za radi hufika huku kabla ya kufika mashariki.

Sababu iko mbali zaidi ya Rusizi. Afrika Mashariki inatawaliwa na pepo za kusini-mashariki kutoka Bahari ya Hindi, ambazo katika miezi ya kiangazi zinafika Rwanda zikiwa kavu, zimeshamwaga maji yake njiani. Upande wa magharibi kuna bonde la Kongo, msitu mkubwa unaopumua mvuke mwaka mzima. Hewa ya pande hizo mbili hukutana karibu na milima inayozunguka Ziwa Kivu, na mpaka kati yao hausimami mahali pamoja. Siku ambayo hewa ya mashariki ina nguvu, Rusizi inashinda na jua. Siku ambayo hewa ya Kongo inasukuma, unyevu unavuka milima ya Kahuzi iliyo magharibi ya ziwa, unashuka ziwani na kupanda Nyungwe, na jioni haipiti bila ngurumo. Juni mpaka Septemba, wilaya hii iko kwenye uwanja wa mashindano hayo. Ndiyo maana wiki moja inaweza kuwa na siku nne kavu, siku mbili za radi na siku moja ya mawingu yasiyoleta kitu.

Wanaolipia gharama ya kwanza ni watu wa Bugarama. Mpunga wa msimu wa pili wa kilimo, uitwao msimu B, huvunwa katika miezi ambayo kalenda inasema hakuna mvua, ukaanikwa nje juu ya shitingi. Mpunga ulioloa baada ya kukaribia kukauka hupasuka kinuni, na chenga haina bei. Kwa hiyo akina mama wanaoulinda mpunga hawaangalii bondeni walipo. Wanaangalia juu, kaskazini-mashariki, kwenye ukingo wa Nyungwe. Wingu la pale likigeuka jeusi kitakoni, sauti zinapita uwanja mzima: "Jirani, anua! Anua upesi!" Dalili ya mvua ni mawingu, na Bugarama hupewa dalili hiyo saa nzima kabla, mradi kuna mtu wa kuinua macho.

Saa za ngurumo

Ukitaka kuona mpangilio ninaouzungumzia, kaa Kamembe siku moja ya mwisho wa Agosti, mahali unapoweza kuliona ziwa na mlima kwa pamoja.

Asubuhi ni shwari. Ukungu mwepesi umeshika ghuba, na maji hayana wimbi. Jua linapopanda, miteremko hupata moto haraka kuliko maji. Hewa iliyo juu ya miteremko inakuwa nyepesi na kuanza kupanda, na hewa ya ziwani inakuja kujaza nafasi yake. Kuanzia saa nne hivi utauhisi upepo huo usoni, ukitoka majini kwenda milimani. Unabeba mvuke, na kila inapopanda mita 1,000 hewa hiyo hupoa kwa nyuzi 10 hivi, mpaka mvuke wake uanze kuganda kuwa matone. Kutoka ufukweni hadi mgongo wa Nyungwe ina zaidi ya mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo nafasi ya kugeuka wingu ni kubwa.

Saa sita mchana vichwa vyeupe vya mawingu vimeshatokea juu ya msitu. Mvuke unapoganda hutoa joto, joto hilo linaisukuma hewa izidi kupanda, nayo hewa inayopanda inavuta mvuke mwingine kutoka chini. Wingu linajilisha lenyewe. Saa nane kilele chake kinaweza kuwa kimepita kilomita 10, mahali ambapo kila tone ni barafu. Kitako kimekuwa cha rangi ya bluu iliyoiva.

Kisha upepo unageuka. Hii ndiyo dakika ambayo kila mkaaji wa Rusizi anapaswa kuitambua. Upepo uliokuwa ukitoka ziwani unakatika, kunakuwa kimya, halafu unakuja upepo wa baridi kutoka mlimani wenye harufu ya udongo ulioloa. Hewa hiyo imeshuka kutoka ndani ya wingu pamoja na mvua, na maana yake ni kwamba mvua yenyewe iko nyuma yake kwa dakika chache. Sokoni akina mama wanafunika nyanya na samaki wadogo wa sambaza kwa shitingi. Wamotari wanasogeza pikipiki chini ya baraza za maduka. Wanawake wanaovuka daraja kwenda kuuza Bukavu wanaongeza mwendo. Kwenye mashamba ya chai ya juu, wachumaji bado wako katikati ya safu, vikapu mgongoni, na nyumba iliyo karibu zaidi iko mbali.

Mara nyingine wingu linatupa mvua ya mawe. Wakulima wa Kericho nchini Kenya wanaijua hasara hiyo kuliko watu wengi duniani: jani changa la chai likichanika, siku kadhaa za kuchuma zimepotea. Chai inapenda milima yenye mawingu, na milima yenye mawingu ndiyo yenye mawe na radi. Huwezi kuchagua kimoja ukaacha kingine.

Jioni mvua inakatika na watu wanalala wakidhani kazi ya anga imekwisha. Ziwani ndiyo kwanza inaanza. Usiku ardhi inapoa upesi lakini maji yanabaki na joto lake. Hewa baridi inateremka kutoka Nyungwe kwa upande mmoja na kutoka milima ya Kahuzi kwa upande mwingine, inakutana juu ya ziwa, na hewa yenye joto na mvuke iliyo juu ya maji inalazimika kupanda. Kwa hiyo ngurumo za ziwani mara nyingi huja usiku wa manane na alfajiri, saa ambazo milima imetulia. Wanasayansi waliofuatilia maziwa makubwa ya Afrika kwa setilaiti wameuona mpangilio huu, na Ziwa Victoria ndilo mfano unaojulikana zaidi: mchana mvua za radi ziko nchi kavu, usiku ziko majini.

Nani yuko ziwani saa hizo? Wavuvi wa sambaza. Samaki huyo mdogo aliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na tangu hapo uvuvi wa ziwa hili ni kazi ya usiku. Mitumbwi mitatu inafungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zinawashwa kuwavuta samaki, wavu unashushwa katikati, na kikosi kinakaa majini tangu magharibi mpaka alfajiri. Kwa kilomita kadhaa kila upande, vitu virefu kuliko vyote juu ya maji ni ile miti na vichwa vya watu. Hapo ndipo ratiba ya anga inapogongana na ratiba ya riziki. Mchumaji wa chai hukutana na radi mchana kwa sababu chai huchumwa mchana. Mvuvi hukutana nayo usiku kwa sababu sambaza hufuata taa gizani.

Majirani wa Kabare

Mwaka 1997 Marekani na Japani zilirusha setilaiti iitwayo TRMM kupima mvua za tropiki. Ndani yake kulikuwa na kifaa cha kuhesabu mimweko ya radi. Baada ya vipimo vya miaka 16, kuanzia 1998 hadi 2013, kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Rachel Albrecht wa Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazil, kilichapisha mwaka 2016 orodha ya maeneo 500 yenye radi nyingi kuliko mengine duniani. La kwanza ni Ziwa Maracaibo nchini Venezuela, lenye mimweko takriban 233 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. La pili ni Kabare, Kivu Kusini, lenye mimweko 205. Afrika ilipata maeneo 283 kati ya hayo 500, mengi kuliko bara lolote.

Kabare ni jirani wa Rusizi. Teritori hiyo inauzunguka mji wa Bukavu, na kitovu cha radi kilichopewa jina lake kipo kwenye miteremko ya milima ya Mitumba, magharibi ya Ziwa Kivu. Rusizi haiko kwenye kitovu chenyewe. Iko kwenye ukingo wa mashariki wa ukanda huo, upande wa pili wa maji. Lakini sababu zinazoifanya Kabare iwe ya pili duniani ndizo zilezile zilizopo Rusizi: milima mikali, hewa ya msitu wa Kongo, na ziwa lisilopoa usiku. Maracaibo nayo ni ziwa lenye joto lililozungukwa na milima. Mkaaji wa Cyangugu anayesikia ngurumo siku nyingi za mwaka anaishi karibu na mojawapo ya viwanda vikubwa vya radi duniani, na anastahili kulijua hilo tangu darasani.

Kinachotokea ndani ya wingu

Ndani ya wingu la radi kuna barafu za aina mbili: vipande vidogo vyepesi vinavyobebwa juu na upepo, na punje nzito, yaani mvua ya mawe ikiwa bado changa, zinazoelea katikati au kuanguka. Zinagongana mara nyingi mno, na katika kugongana zinapokonyana chaji, kama sweta la nailoni linavyotoa cheche ukilivua usiku wa kiangazi. Vipande vyepesi vinapanda vikiwa na chaji chanya. Punje nzito zinabaki chini na chaji hasi. Hewa kwa kawaida haipitishi umeme, lakini tofauti hiyo ikizidi kiasi, hewa inashindwa kuizuia.

Kinachofuata huchukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Njia nyembamba ya umeme inateremka kutoka winguni kwa hatua, ikijigawa matawi. Inapokaribia ardhi, vitu vilivyo juu ya ardhi vinaanza kurusha cheche za kuipokea: mti, mnara, ncha ya paa, kichwa cha mtu aliyesimama wazi. Moja ya cheche hizo ikigusana na njia inayoshuka, mlango umefunguka, na mkondo wa maelfu ya ampea unapita. Hewa iliyo ndani ya njia hiyo inafikia joto la nyuzi 30,000 hivi, takriban mara tano ya joto la uso wa jua. Inatanuka kwa ghafla, na mtanuko huo ndio ngurumo.

Kuna imani kwamba chuma, simu ya mkononi au nguo nyekundu huvuta radi. Hakuna hata kimoja kinachofanya hivyo. Kinachohesabika zaidi ni urefu wa kitu, kujitenga kwake na ncha yake. Mkaratusi uliosimama peke yake juu ya kilima uko hatarini hata kama hauna kipande cha chuma, na mtu aliyejikinga mvua chini yake anashiriki hatari hiyo.

Radi inavyoua wengi kwa pigo moja

Jumamosi ya tarehe 10 Machi 2018, waumini wa kanisa la Waadventista Wasabato walikuwa ibadani katika wilaya ya Nyaruguru, upande wa pili wa msitu wa Nyungwe ukitokea Rusizi. Radi ilipiga. Watu 16 walikufa, wengi wao papo hapo, na zaidi ya 100 walipelekwa kutibiwa. Siku moja kabla, radi ilikuwa imewapiga wanafunzi 18 waliokuwa pamoja, na mmoja wao akafariki.

Msomaji anaweza kujiuliza pigo moja linawezaje kuua watu 16. Jibu ni kwamba radi haihitaji kumpiga mtu kichwani. Wanaopigwa moja kwa moja ni wachache sana, si zaidi ya watano katika kila mia. Karibu nusu ya wanaodhurika hupatwa na umeme unaosambaa ardhini baada ya pigo: unaingia kwa mguu mmoja na kutokea kwa mwingine. Wengine huumizwa umeme unaporuka kutoka kwenye mti au nguzo kwenda kwa mtu aliye karibu. Ng'ombe, ambao miguu yao ya mbele na ya nyuma iko mbalimbali, hufa kundi zima kwa sababu hiyo. Februari 2020 radi iliua sokwe wanne wa milimani katika hifadhi ya Mgahinga, Uganda. Walikuwa wa kundi la Hirwa, lililokuwa limevuka kutoka Rwanda mwaka 2019, na mmoja wa majike alikuwa na mimba.

Majengo nayo yana sehemu yake. Nyumba yenye mabomba ya chuma na nyaya ndani ya kuta huupa umeme njia ya kushuka hadi ardhini bila kuwapitia watu. Nyumba ya matofali ya udongo yenye paa la bati haina njia hiyo. Umeme ukifika kwenye bati, unaruka kutoka hapo kwenda kwa chochote kilicho chini, na kilicho chini ni watu. Ndiyo sababu orodha ya misiba ya radi katika ukanda wetu imejaa shule na nyumba za ibada. Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, Uganda, Juni 2011: wanafunzi 18. Shule ya Emaco Vision, Geita, Tanzania, Oktoba 2018: wanafunzi sita. Palabek, kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, Novemba 2024: watu 14 waliokuwa wamekusanyika kusali. Sekondari ya Businda, wilaya ya Bukombe, Geita, Januari 2025: wanafunzi saba. Wote hao walikuwa wamefanya jambo ambalo kila mzazi anawafundisha watoto wake wakati wa mvua: waliingia ndani. Jengo ndilo lililowaangusha.

Lawama inapokwenda kwa jirani

Katika masimulizi ya kale ya Wanyarwanda, Inkuba, yaani radi, ni mfalme anayetawala juu. Kuna ngano ya binti Miseke, ambaye mama yake, akiwa mgonjwa bila mtu wa kumpasulia kuni, aliomba msaada kwa yeyote aliye juu. Radi ikashuka ikampasulia, kwa sharti kwamba mtoto akizaliwa msichana atakuwa mke wake. Alice Werner aliiweka ngano hiyo katika kitabu chake cha visa vya Wabantu cha mwaka 1933. Ni ngano nzuri, na inaonyesha heshima ambayo watu wa milima hii wameipa radi tangu zamani.

Tatizo si ngano. Tatizo ni imani kwamba radi inatumwa na mtu. Tanzania imani hiyo imeupa mkoa wa Rukwa sifa usiyostahili, na Kivu pande zote mbili watu wanaijua. Radi ikipiga nyumba, maswali yanayofuata ni nani aliyegombana na marehemu na nani aliyemwonea wivu. Mjane asiye na mtetezi au mzee anayeishi peke yake huanza kutazamwa kwa jicho baya. Msiba wa kwanza unazaa wa pili, na wa pili unafanywa kwa mikono ya watu.

Imani hiyo inaua pia kwa njia nyingine. Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Unaweza kumgusa mara moja bila hofu yoyote. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba moyo umesimama au pumzi imekatika, na akibonyezwa kifua upesi anaweza kurudi. Lakini pale watu wanapoamini kwamba hapaswi kuguswa mpaka mganga afike, dakika zile chache zinapita. Wengi wa wanaopigwa na radi hawafi, ila wale ambao moyo wao umesimama wanahitaji mtu jasiri papo hapo.

Maji yanayofuata

Radi ni sehemu ya kwanza ya dhoruba. Ikishapita, mvua inaweza kuendelea usiku kucha, na hapo hatari inahama kutoka angani kwenda ardhini. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa iliua zaidi ya watu 130, hasa katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini ya Rwanda, wengi wakiwa usingizini nyumba zao zilipofunikwa na udongo au kubebwa na mito kama Sebeya. Siku iliyofuata, upande wa Kongo, vijiji vya Bushushu na Nyamukubi katika teritori ya Kalehe vilisombwa na maji na mawe kutoka milimani, na zaidi ya watu 400 walikufa. Kalehe inapakana na Kabare. Milima ileile inayoinua hewa mpaka ikawa wingu ndiyo inayokusanya maji na kuyamwaga juu ya waliojenga chini yake.

Kinga inayowezekana

Kikinga-radi si teknolojia mpya. Benjamin Franklin alikieleza katikati ya karne ya 18, na muundo wake haujabadilika sana: ncha ya chuma juu ya paa, waya mnene wa kuteremsha umeme, na fimbo za chuma zilizozikwa ardhini. Vyote vitatu lazima viwepo na viungane. Ncha isiyo na waya ni mbaya kuliko kutokuwa na kitu, kwa sababu inaupokea umeme bila kuupa pa kwenda. Shaba ya waya huibwa, fimbo za ardhini huoza, na jengo linaendelea kuhesabiwa kuwa salama kwa sababu ncha bado inaonekana juu ya paa. Kwa hiyo kuvifunga haitoshi. Lazima vikaguliwe kila mwaka.

Uganda kuna mtandao uitwao ACLENet, wenye makao Kampala, unaofunga vikinga-radi shuleni na kuwafundisha walimu. Kazi yao ilianzia Runyanya, shule ileile iliyopoteza watoto 18. Huo ni mfano wa kuigwa na kila wilaya iliyo kwenye ukanda wa radi, na Rusizi ina sababu ya kuwa mbele.

Kwa mtu binafsi, kinga inaanza na masikio. Ukiona mmweko, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Usipofika 30, radi iko ndani ya kilomita 10, na pigo linalofuata linaweza kuwa lako. Milimani mara nyingi hutauona mmweko kwa sababu mgongo wa mlima umeuficha, kwa hiyo ngurumo peke yake inatosha kuwa amri. Ingia kwenye nyumba imara yenye nyaya na mabomba, au ndani ya gari lenye paa la chuma, madirisha yakiwa yamefungwa. Usikae chini ya mti. Usishike simu iliyounganishwa na umeme wa ukutani. Usitoke mpaka nusu saa ipite baada ya ngurumo ya mwisho, kwa sababu wingu linaloondoka bado lina uwezo wa kupiga nyuma yake.

Kwa mchumaji wa chai na mvuvi, ushauri huo hautoshi, kwa sababu nyumba imara haiko karibu. Hapo jukumu ni la anayepanga kazi. Meteo Rwanda hutoa utabiri wa kila siku na wa kila msimu, na redio huusambaza. Shamba la chai linaweza kuanza kuchuma alfajiri na kuwarudisha watu kabla ya saa nane katika siku zilizotabiriwa ngurumo. Ushirika wa wavuvi unaweza kukubaliana kwamba usiku wa onyo mitumbwi haitoki, au haiendi mbali na Kisiwa cha Nkombo na ghuba zake, na kwamba asiyetoka hatapoteza zamu yake. Tukimwacha mvuvi achague peke yake kati ya njaa ya kesho na radi ya usiku, atachagua kutoka, na hatuna haki ya kumlaumu.

Umuhindo hauji bila taarifa. Kila Agosti mawingu yanarudi kwenye mgongo wa Nyungwe kwa saa zilezile. Basi wewe unayesoma, kama una mtoto shuleni au unasali mahali penye paa la bati, kabla Septemba haijaingia nenda kwa mwalimu mkuu au kwa kamati ya kanisa au msikiti uulize maswali matatu: kikinga-radi kipo, waya wake unafika ardhini, na kilikaguliwa lini? Jibu lolote kati ya hayo likiwa "hapana" au "hatujui", usiondoke mpaka ijulikane nani atalishughulikia na kwa tarehe gani.